Sombe ya Mgonjwa wa Yorkshire

Mmeniuliza nyote, kila mtu kwa wakati wake. Wengine kwa simu, wengine mmenisimamisha sokoni Jumapili na mifuko ya viazi mkononi, na wengine mmesikia nusunusu mkajaziliza wenyewe. Sitasimulia mara kumi. Naandika mara moja, someni mpeane, na asiyeamini akamwulize Maman Furaha. Mambo ya tiketi na pasi nayaruka, hayana utamu. Nawaambia mapema tu kwamba hasira zangu hazijapoa, kwa hiyo anayetafuta hadithi ya kubembelezea usingizi akatafute kwingine.

Ixelles, kabla sijatoka

Maman Furaha mnamjua wengi wenu. Kwa msiomjua, ni mama wa Bukavu, mjane, anakaa Ixelles, hapa Brussels, karibu na maduka ya Waafrika, na ndiye mwanafunzi wangu mkubwa kwa umri na mvivu kuliko wote katika lile darasa langu la Kiingereza la Jumamosi. Binti yake Solange ni muuguzi. Huyu Solange alichumbiwa na Martin, Mwingereza anayefanya kazi kwenye zile ofisi za Ulaya upande wetu wa Etterbeek. Kijana mtanashati, mpole, hachelewi, na Kiingereza chake kimenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi.

Sasa, kwa Wakongo hawa ndoa si ya watu wawili. Lazima mzee wa upande wa mwanamume aje, akae, aonekane uso, aseme neno lake mbele ya wazee wa upande wa binti. Martin alipoambiwa hivyo akainamisha kichwa. Akasema mama yake alishafariki zamani, na baba yake kapigwa na kiharusi, hawezi kusafiri wala kuongea. Alidhani kwa kusema hivyo amefunga mlango. Maskini, hakujua anaongea na nani! Kumwambia mama wa Kivu kwamba mkwe wake anaumwa ni kumwambia avae viatu.

Walifunga kula. Kikundi chake kizima cha maombi kilifunga kwa ajili ya mzee wasiyemjua hata sura. Siku ya kufungua, Martin akiwa Strasbourg kikazi, Maman Furaha aliniita sebuleni kwake. Nilimkuta na kaka yake, Tonton Deo, ambaye ndiye kichwa cha ukoo huku Ubelgiji.

"Mukwe wangu njo mugonjwa, na siye tunakaa tu hapa?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia. "Non, non, non. Muntu akigonjwa, bandugu banaenda kumuangalia. Zuhura, weye unajua Kingereza. Utaenda."

"Maman, kuna simu," nikamwambia.

"Simu inabeba sombe?"

Tonton Deo naye akadakia: "Alors, tutapatia mutoto bantu wenye hatujui kwabo? Uende utuangalilie, utuletee habari ya kweli."

Basi Solange akaniandikia jina la kijiji na la shamba, na kesho yake alfajiri mimi Zuhura binti wa Pangani nikawa stesheni ya Midi na begi lililonishinda kubeba. Ndani mna sombe, yaani kisamvu chao, iliyotwangwa na kupikwa, imegandishwa kwenye kopo la rangi ya ukutani lililooshwa. Mna ndagala, dagaa wao wakavu, blanketi zito, na chupa ya mafuta yaliyoombewa. Nguo zangu nilipata nafasi ya kitenge kimoja na mswaki.

Chini ya bahari

Treni iliondoka vizuri, ikasimama kabla ya kuingia chini ya bahari, na ikakaa. Tukaambiwa samahani kwa lugha tatu. Kadiri tulivyokaa ndivyo sombe ilivyoyeyuka na ndagala walivyojitambulisha. Bwana mmoja mbele yangu aligeuka, akavuta pumzi, akamnong'oneza mkewe, na mkewe akanitazama miguuni kutafuta mbwa. Nilimtazama usoni mpaka akageuka. Chakula cha mgonjwa hakiombewi radhi.

Hapo ndipo simu ikaanza, kumbe Solange kamwambia mchumba wake kwamba naenda. Martin, Martin, Martin. Mtandao ukawa unakatika kila nikipokea. Tulipotoka upande wa pili nikakuta ameandika: "Tafadhali usiende. Hakuna haja kabisa. Rudi." Mimi nikacheka. Nawajua Waingereza, hawapendi kusumbua watu. Mtu nyumba inaungua anasema hakuna haja. Nikamjibu, "Usijali shemeji, mgonjwa ni wetu sote." Kisha nikazima simu kutunza chaji. Ninapokumbuka jibu lile naona aibu.

Kaskazini, na yule bibi wa gari

Kutoka London hadi Leeds nilisimama nusu ya njia, maana kiti changu kilikuwa kimekaliwa na kijana aliyesema amelala. Amelala huku anajibu! Leeds nikapanda kigari cha moshi kidogo kinachosimama kila penye ng'ombe watatu. Nikashushwa kwenye stesheni isiyo na mtu, isiyo na choo, isiyo na kitu ila ubao unaoonyesha saa za basi. Basi la kijijini lilikuwa limepita. Lingine ni kesho kutwa.

Nikaketi juu ya begi nikaanza kusema peke yangu, Kiswahili cha Pangani chenye matusi yake. Mara likaja gari la shamba, na dirishani bibi mmoja mwenye mashavu mekundu. Akasimama, akashuka, akaniambia kitu. Sikuelewa. Jamani, mimi nafundisha Kiingereza! Watu wananilipa! Akarudia, safari hii akanyoosha mkono kwenye begi. Nilichokisikia ni kama "tupe begi lako." Tupe! Nikatazama nyuma ya gari kuona wenzake wako wapi, genge lenyewe liko wapi, nikalikumbatia begi na mafuta ya maombi yakanimwagikia kwenye kitenge.

Kumbe hakuna genge. Kule kwao mtu akisema "tupe" anamaanisha nipe. Yuko peke yake anasema "sisi". Na wewe, ukiwa mmoja, hawakuiti kama wanavyokuita watu wa London. Wanakuita "thee", neno ambalo mimi nilidhani limebaki kwenye Biblia za zamani pale shule ya misheni. Nililisikia likitoka kwenye kinywa cha bibi mwenye buti zenye mavi ya kondoo, nikashikwa na mshangao. Nikamkumbuka bibi yangu. Bibi yangu Pangani hakuwahi kusema "mimi" wala "wewe" maishani mwake, alisema "miye" na "weye" na "siye", na sisi wajukuu tulichapwa shuleni kwa kuyabeba maneno hayo kutoka kwake. Mwalimu alisema ni Kiswahili cha washamba. Mtu mzima na fimbo yake, anafuta bibi za watu!

Kwa hiyo nitakapowaandikia maneno ya watu wa kule, nitayaandika kwa Kiswahili cha bibi. Ndivyo yalivyoingia sikioni mwangu.

"Weye wenda kwa nani na mzigo wote huo?" bibi akaniuliza tulipokwisha kuondoka.

"Kwa Mzee Walter. Nimekuja kumwona, maana anaumwa."

Alikanyaga breki nikagonga kioo. "Walter? Aumwa tangu lini? Siye tumemwona asubuhi hii."

Nikamweleza kuhusu kiharusi. Akanitazama, akatia gia, tukapanda kilima. Akanyoosha kidole. Kule kwao mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe, mawe matupu yamepangwa bila saruji, na juu ya ukuta mmoja uliobomoka alikuwa amesimama mzee mrefu, amekunja mikono ya shati, ananyanyua jiwe ambalo mimi nisingeweza hata kulibingirisha. Mbwa alikuwa chini anamtazama.

"Mgonjwa wako yule," bibi akasema.

Shambani

Hebu nambieni mngefanya nini. Mimi nilishuka na kopo langu la sombe, nikasimama kwenye majani yenye unyevu, na nikamwamkia. Nilisema jina langu, nikasema natoka Brussels kwa mama wa mchumba wa mwanawe. Mzee Walter alishuka ukutani, akafuta mkono kwenye suruali, akanishika wangu kwa heshima zote.

"Mchumba?" akasema. "Mchumba wa nani?"

Loo! Hakuambiwa! Si harusi, si mchumba, si chochote. Mwanawe humpigia simu siku ya Krismasi na siku yake ya kuzaliwa, humwuliza hali ya kondoo, basi. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilitamani Martin awe karibu nimpe jiwe moja la ukuta ule.

Aliniingiza ndani, akanipa chai nyeusi kama lami akaijaza maziwa, akakata keki na kuiwekea jibini juu. Ndiyo, jibini juu ya keki, na msinicheke, ni tamu. Nikamweleza yote. Kiharusi, mfungo, Maman Furaha, mafuta. Sikuficha, maana mjumbe hauawi, na hata kama angeniua kosa si langu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanyanyuka, akamwekea mbwa chakula, akasema na mbwa kidogo kwa sauti ya chini. Mbwa naye anaitwa "weye". Aliporudi mezani uso wake ulikuwa umetulia.

"Si kijana mbaya yule," akasema. "Alipokwenda chuo, wenziwe walimcheka. Akifungua kinywa wamwigiza. Likizo ya kwanza akarudi asema kama mtu wa redioni, miye nikadhani afanya mzaha. Nikamcheka. Hakucheka. Siku ya mahafali akanambia nisije, njia mbali. Basi miye najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba asema siye twaumwa kwa ajili ya kinywa." Akajigusa midomo. "Sasa weye rudi, uwaambie umeniona, siye kweli twaumwa. Yaishe. Aoe."

Nilisimama. Nawaapia nilisimama nikagonga meza chai ikamwagika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ila hawakusema chochote juu ya mtu anayembambikia baba yake maradhi mazima, na baba anayakubali! Nikamwambia mzee, kwa Kiingereza changu cha darasani na hasira zangu za Pangani, kwamba kule Ixelles kuna wanawake walioshinda njaa kwa ajili yake. Kwamba mimi nimetumwa nilete habari ya kweli. Kwamba nikirudi na uongo, halafu siku moja ukajulikana, Solange atakuwa ameshaolewa ndani ya uongo huo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeubeba kwenye begi. Afadhali ndoa ivunjike leo.

"Weye u mkali," akasema.

"Ndiyo. Na sombe inaharibika."

Tukaipasha moto. Nilidhani ataonja kwa adabu aache. Akala, akachukua tena. Akasema mama yake alikuwa akichuma majani ya porini yale yanayowasha, anayapika na uji wa shayiri, ladha yake haiko mbali na hii. Ndagala aliwaogopa kidogo kwa sababu ya macho.

Asubuhi nilipoamka alikuwa amesimama jikoni amevaa suti nyeusi na kofia. Pasi alikuwa nayo, alikwishawahi kwenda na wanakijiji wenzake kuzuru makaburi ya vita kule Flanders. Mbwa amempa yule bibi jirani. Akaniambia atakuja, akamwone msichana, lakini hatasema mengi asije akamwaibisha kijana. Mimi moyoni nikasema, utasema, baba, utasema.

Kurudi

Basi hapo kwenye treni ya kwenda London ndipo mambo yalipoharibika. Mpaka Leeds alikuwa ananisimulia vizuri, kila shamba na mwenyewe, kila ukuta na aliyeujenga. Tukakaa karibu na vijana wawili wenye kompyuta, Waingereza, nguo safi. Mzee Walter akamwuliza mmoja kwa upole, "Kijana, begi hili la weye ama la nani, tulisogeze?" Wale wakatazamana. Yule wa pili akairudia sentensi ile ile, kaikunja sauti, kaivuta, kama mtu anayeigiza punda. Mwenziwe akaziba mdomo kwa mkono.

Ebo! Mnamcheka mtu kwa lugha ya babu zenu wenyewe? Niliwaambia. Niliinuka nikawaambia gari zima likisikia, huyu ni baba wa mtu, ana miaka ya babu zenu, na nyie hamna hata adabu ya kusogeza begi. Nikawaambia mimi ni mwalimu wa Kiingereza na wote wawili wangefeli. Wakawa wekundu. Wakasogeza.

Lakini nilipoketi Mzee Walter alikuwa ametazama dirishani. Akanivuta mkono wa nguo.

"Waache," akasema. "Waona sasa. Kijana wangu alisikia hayo kila siku."

Kisha akanyamaza. London tukasubiri mno, tukala mkate mkavu wenye kipande kimoja cha kuku kwa bei ya kuku mzima, na hakusema neno. Chini ya bahari hakusema. Nilimwuliza kama anataka maji, akatikisa kichwa. Nikajua amekata shauri. Atakuwa bubu kweli, kama mwanawe alivyotangaza. Nilikaa pembeni yake hasira zimenijaa mpaka masikio yananiwaka, na sikujua nimkasirikie nani zaidi.

Stesheni ya Midi

Martin alikuwa anatusubiri chini ya ngazi. Solange alikuwa amempa habari kwamba narudi na mzee, basi, zaidi ya hapo sikuwa nimemwambia mtu kitu. Habari ya kweli husemwa uso kwa uso. Alipomwona baba yake anateremka kwa miguu yake, na suti, na kofia, uso ulimshuka.

Hakumkumbatia. Alimpa mkono, akamnong'oneza kitu sikioni, na mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akanivuta pembeni, karibu na mashine ya kahawa.

"Dada Zuhura, wote wamekusanyika kwa Maman. Wanaomba. Leo si siku ya kueleza. Nitaeleza mwenyewe, baadaye, polepole. Leo akae tu. Nimemwomba na amekubali."

"Umemwomba akae bubu?"

"Hataki matatizo."

"Wewe ndiye tatizo," nikamwambia. "Mkataa kwao mtumwa, Martin. Umesikia? Waulize wenye Kiswahili maana yake."

Alijua maana yake, Solange alikwishamfundisha mengi. Akageuza uso. Nilitaka kupiga kelele palepale, lakini Mzee Walter alikuwa ananitazama, na akatikisa kichwa taratibu, kuniomba. Baba mwenyewe ananiomba. Nikafunga kinywa. Tukapanda gari la Martin hadi Ixelles, watu watatu, na hakuna aliyesema hata habari ya hali ya hewa, na kati yetu wawili walikuwa Waingereza.

Sebuleni kwa Maman Furaha

Ngazi ni zile zile zenye giza, harufu ni ile ile ya makayabo, samaki wao wa chumvi, na vitunguu. Mlango ulipofunguliwa sebule ilikuwa imejaa, viti vimeazimwa, akina mama wamefunga vilemba, Tonton Deo katikati na Biblia. Walipomwona mzee anaingia anatembea, chumba kililipuka.

"Alleluia! Anatembea! Yesu! Angalia anatembea!"

Wanalia, wanapiga makofi, wananishika mimi kana kwamba nimemfufua. Nilitazama upande wa Martin. Nawaambieni, niliona wazo likimpita usoni. Muujiza! Utamfaa sana muujiza, mgonjwa kapona, hakuna uongo, hakuna maswali. Damu ilinichemka.

Walimketisha mzee kwenye kile kiti kikubwa cha marehemu mume wa Maman. Wakamfunika miguu kwa shuka. Tonton akamsalimu kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti kubwa kama anayesema na kiziwi. Mzee Walter akainamisha kichwa, akatabasamu, hakusema.

"Mudomo ingali imefungwa," Tonton akawatangazia. "Bon. Miguu Mungu alishapatia. Tutaomba mudomo."

Wakaomba. Wakamwekea mikono kichwani, mabegani. Mmoja alimshika kidevu kabisa akiamuru ulimi ufunguke. Solange alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, machozi yanamtoka, ameushika mkono wa mzee. Na Martin amesimama karibu na kabati la vyombo, ametazama sakafu, anaacha yote haya yaendelee. Nilikuwa nimeng'ata kitenge changu.

Kisha Maman Furaha akaja na beseni la maji ya moto na mafuta. Yule mama magoti yake ni mabovu, mnajua, ngazi za kwake tu humliza. Akalishika kabati, akalishika kiti, akashuka kidogo kidogo mpaka sakafuni, akiguna, akaanza kumfungua mzee kamba za viatu ili amwoshe miguu na kuipaka mafuta. "Pole, papa," anamwambia. "Pole sana. Utapona."

Mzee Walter alivumilia kiatu kimoja. Cha pili hakuweza. Alimshika mikono yote miwili.

"Hapana, hapana, mama weye, inuka," akasema, kwa sauti iliyojaa chumba. "Inuka. Siye hatuumwi. Hatukuumwa hata siku moja. Magoti yako weye ndiyo yauma, miye nayaona. Inuka, tafadhali."

Akainuka yeye, kiatu kimoja mguuni, akamnyanyua Maman Furaha kutoka chini na kumketisha kwenye kile kiti kikubwa.

Wakapiga kelele zaidi. Anasema! Anasema! Tonton Deo akanigeukia, macho yamemjaa. "Maman Zuhura, alisema nini? Tafsiri!"

Chumba chote kikanitazama. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Lakini nilisema, "Mimi nilitumwa niwaletee habari ya kweli. Hii hapa, imesimama mbele yenu. Kutafsiri, mwulizeni mwanawe."

Kelele zikapungua, zikaisha. Martin alinyanyua uso. Alianza kwa Kifaransa, akaacha. Akaanza tena kwa kile Kiswahili alichofundishwa na Solange jikoni.

"Baba anasema... yeye hapana mugonjwa. Hakukuwa mugonjwa. Miye njo nilisema uongo."

"Juu ya nini?" Tonton akauliza.

"Juu ya... vile anasema. Kingereza yake. Ni ya shamba. Bantu banacheka."

Maman Furaha, bado na mafuta mikononi, akamtazama kama anayemsikia mtoto akitukana. "Anasema mubaya? Papa huyu? Miye nimesikia. Anasema muzuri."

Hakuwa ameelewa hata neno moja, na hakuna aliyemrekebisha.

Solange alisimama polepole. Hakulia tena. Nilidhani atampiga kofi, na nisingemzuia. Alimwuliza tu, kwa sauti ya kawaida: "Na mama yangu, Martin? Siku bantu ba ku bureau yako bakifika kwetu, utabaambia mama yangu iko na bugonjwa gani?"

Martin alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki sasa, anafunga kamba za kiatu chake, na hakumsaidia.

Tonton Deo alifunga Biblia akaiweka juu ya televisheni. Akina mama wakatazamana. Mimi nasema wazi, nilikuwa nataka wamfukuze. Nilitaka ashuke zile ngazi zenye giza na viatu vyake vya bei mbaya. Lakini nyumba ile si yangu, na neno lilikuwa la mwenye binti.

Maman Furaha alijifuta mikono, akaagiza sahani ziletwe. Akampakulia Mzee Walter kwa mkono wake mwenyewe, fufu, makayabo, na sombe mlima mzima, akakaa kumtazama akila mpaka aliporidhika. Ndipo akamgeukia kaka yake, na watu wote wakasikia.

"Bon. Mukwe tulishapata. Iko muzima, iko na heshima, anakula sombe. Bwana-arusi njo bado tunatafuta."

Mzee Walter akaniuliza mama kasema nini. Nilimtafsiria yote, neno kwa neno. Martin hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.